Tuanze na Maharagi, Unga Ufuate: Kulisha Nyumba kwa Pesa Kidogo ya Wiki



Wiki hii tunazungumza juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu anaifanya kila siku na hakuna anayetupa diploma kwa ajili yake: kupitisha wiki nzima kwa pesa ya chakula isiyotosha. Tangu vita ilipofika hapa Bukavu mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango, noti zikawa adimu, na zile zilizochakaa zikaanza kukataliwa sokoni. Waliokuwa wakingoja mshahara walibaki wakingoja. Anayechuuza Nyawera, anayebeba mizigo kutoka bandarini, anayefua nguo za watu, wote wanarudi jioni na kidogo. Nyumba nyingi zinawasha moto mara moja tu kwa siku.

Hatuandiki haya ili kumfundisha mama wa Bukavu kuvumilia. Kuvumilia anakujua. Tunaandika juu ya jambo moja ambalo vikundi vyetu vimekuwa vikilizungumza: pesa ikipungua, ni kitu gani kinatoka kwanza katika sufuria? Katika nyumba nyingi inatoka sambaza, halafu maharagi, halafu mafuta. Kinachobaki mpaka mwisho ni bugali na majani yaliyochemshwa kwa chumvi. Tumbo linajaa, watoto wanalala bila kulia, na mama anaona amefaulu siku ile. Lakini mwili wa mtoto unaendelea kuwa na njaa ambayo haisikiki. Na mara nyingi sahani ya kwanza kupungua ni ya mama mwenyewe.

Ndiyo sababu tunasema: tuanze na maharagi, unga ufuate.

Bugali inajaza, maharagi yanajenga

Tuweke hesabu wazi. Ukichukua gramu 100 za unga wa muhogo, ndani yake hakuna zaidi ya gramu 1 au 2 za protini, yaani kile kinachojenga nyama ya mwili. Unga wa mahindi unazo gramu 8 hivi. Maharagi makavu yanazo zaidi ya gramu 20, na soya inazo zaidi ya 35. Kwa hiyo mtoto anayekula bugali ya muhogo mara mbili kwa siku bila kitu kingine anaweza kushiba kila siku na bado kudhoofika.

Wazee wetu wa Bushi walikuwa na jina la hali hiyo kabla ya daktari kufika: bwaki. Miguu na uso vinavimba, nywele zinakuwa nyekundu na laini, ngozi inachubuka, mtoto anakaa kimya, hataki kucheza wala kula. Huko Lwiro, katika teritwari ya Kabare, waganga na watafiti wameuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Hapa Bukavu shirika zima lilichukua jina lake, Comité Anti-Bwaki, kwa sababu kila mama alijua mara moja linapigana na nini. Na bwaki ilionekana katika nchi yenye mvua, yenye udongo mzuri, yenye ndizi na mihogo kila upande. Watoto wale walikuwa wakila, lakini chakula cha aina moja tu, siku baada ya siku.

Basi mama anayesema "leo hatuna pesa, tutakula bugali na sombe ya chumvi tu" hana kosa. Siku moja haiui mtu. Hatari inaingia pale siku moja inapokuwa wiki, na wiki inapokuwa mwezi.

Pesa ya wiki juu ya vidole kumi

Hatutaandika hapa bei ya vitu, maana bei ya Jumatatu si bei ya Ijumaa. Barabara ya Kamanyola ikifungwa siku mbili tu, mchele wa bonde la Ruzizi na ndagala za Uvira vinapanda. Badala ya bei, tunatumia vidole. Pesa yoyote uliyonayo kwa chakula cha wiki, igawanye mara kumi, kila sehemu ni kidole kimoja. Kama una 35.000 franka, kidole kimoja ni 3.500. Kama una 20.000, kidole kimoja ni 2.000.

Vidole viwili vya kwanza ni vya maharagi, au maharagi na soya kidogo. Hivi vinanunuliwa kabla ya vingine vyote, siku ile ile pesa inapoingia.

Kidole cha tatu ni cha sambaza au ndagala kavu.

Kidole cha nne ni cha lengalenga, sombe, nyanya, vitunguu na ndimu.

Kidole cha tano ni cha mafuta ya mawese na chumvi.

Kidole cha sita ni cha makala.

Vidole vinne vilivyobaki ni vya kushibisha: unga, viazi vitamu, mateke, ndizi za kupika, mihogo.

Mtaona kwamba unga bado unachukua sehemu kubwa kuliko vyote. Hatusemi watu waache bugali. Bila bugali mtoto wa Bukavu atasema hajala. Tunasema tu kwamba unga usitangulie. Ukianza na unga, pesa inaisha kwenye unga, kwa sababu unga hauna mwisho katika nyumba yenye watu wengi. Ukianza na maharagi, unga unajipanga na kile kilichobaki, na kama haukutosha unaongeza viazi vitamu au mateke, ambavyo mara nyingi vinashibisha kwa pesa ndogo zaidi.

Na pesa ikipungua katikati ya wiki? Usikate kidole kimoja chote. Punguza kila kidole kidogo, na kile cha maharagi kiwe cha mwisho kuguswa.

Mama anayepata pesa kila jioni, siyo kila wiki, afanye hivi: apate vikopo viwili. Kila jioni, kabla ya kununua chochote, aweke sehemu ya maharagi na sambaza katika kikopo cha kwanza. Cha pili ni cha matumizi ya siku. Siku ya soko anafungua kile cha kwanza tu.

Kununua kwa akili: msimu, mwezi na kifuko

Maharagi ya kwetu yanavunwa mara mbili: kwenye Desemba na Januari, halafu tena kwenye Mei na Juni. Wakati huo yanashuka kutoka Kabare, Walungu, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, na bei inalegea. Miezi ya kupanda ndiyo miezi ya bei kali, kwa sababu hata mkulima anatafuta mbegu. Anayeweza kuweka hata gigozi tano wakati wa mavuno atashukuru baadaye. Yaweke makavu kabisa katika bidon safi isiyo na maji, ujaze mpaka mdomoni, ufunge sana. Bukutu haliishi mahali pasipo na hewa.

Angalia pia umri wa maharagi. Yale yaliyokaa sana yana rangi iliyofifia na yanataka moto mrefu. Ukiyanunua kwa bei ndogo, utalipa tofauti kwa makala.

Sambaza ina msimu wake pia, na msimu huo uko angani. Samaki huyu aliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye samaki wa wote. Wavuvi wanamvua usiku kwa taa. Anafuata mwanga, wanamzunguka na wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, na sambaza haioni sababu ya kuja kwenye taa. Siku zile zinapatikana chache na bei inapanda. Kwa hiyo nunua wakati wa giza, anika vizuri juani, weka akiba ya siku za mwezi mkubwa. Na usitoe kichwa wala mifupa. Kula samaki mzima ndiyo faida yake, kwa sababu mfupa ule mdogo unajenga mifupa na meno ya mtoto.

Sasa tuseme juu ya vifuko. Mafuta katika kifuko kidogo asubuhi, kingine jioni. Chumvi ya kifuko. Sukari ya kifuko. Fanya jaribio hili wiki moja: kila kifuko cha mafuta unachonunua, mwaga katika chupa moja na uandike pesa uliyotoa. Mwisho wa wiki tazama chupa imefika wapi, kisha uliza bei ya chupa ile ile ikinunuliwa mara moja. Ile tofauti ni pesa unayolipa kwa sababu ulikuwa na kidogo. Maskini analipa zaidi kwa kitu kile kile. Tutarudi kwenye dawa yake chini.

Kuna pia matumizi ambayo hayaonekani kama chakula cha anasa lakini yanakula kidole kizima: mandazi na chai ya sukari kila asubuhi, biskuti za kumnyamazisha mtoto, kuube mbili au tatu katika kila sufuria. Kuube inaleta ladha na chumvi, haijengi mwili. Kitunguu kimoja, nyanya mbili na kijiko cha sambaza zilizosagwa vinaleta ladha na nguvu pamoja.

Makala ni sehemu ya chakula

Mama wengi wanaacha maharagi siyo kwa bei ya maharagi, bali kwa bei ya moto. Saa tatu za makala kwa sufuria moja ni nyingi. Lakini moto unaweza kupunguzwa.

Loweka maharagi tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine. Chemsha kwa moto mkali nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Halafu itoe ikiwa bado inatokota, bila kufunua, uiweke ndani ya kikapo au sanduku lenye nguo za zamani, blanketi au majani makavu ya ndizi kila upande, chini na juu. Funga vizuri, uende kazini. Baada ya saa tatu au nne maharagi yataendelea kulainika bila kaa moja la moto. Kabla ya kula, rudisha jikoni yachemke tena vizuri. Ile nusu saa ya kwanza ya moto mkali usiifupishe, hasa kwa maharagi mekundu, maana yasipochemka sana yanaumiza tumbo.

Pika maharagi ya siku mbili mara moja. Yale ya kesho yachemshwe tena jioni na asubuhi ili yasichache, kwa sababu wengi wetu hatuna friji, na hata mwenye nayo hana umeme wa hakika.

Muhogo: usizipunguze siku za maji

Tunaandika sehemu hii kwa nguvu, kwa sababu njaa inaharakisha mikono. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Wazee walituachia dawa: kuloweka siku 3 au 4 mpaka ulainike, kisha kuanika vizuri. Wakati wa vita au wa bei kali, wauzaji na hata sisi nyumbani tunajaribu kupunguza siku zile.

Matokeo yake yanajulikana. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kwango, ambako daktari aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu miwili imekakamaa, na haiponi. Unashika hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, wale wanaokula muhogo usiotayarishwa vizuri na kukosa protini. Hauko mbali na sisi: watafiti waliukuta Burhinyi, teritwari ya Mwenga, katika Kivu ya Kusini yetu hii iliyochoshwa na vita, na walitoa habari hiyo mwaka 2011. Hapa tena tunaona kazi ya maharagi na sambaza: protini inausaidia mwili kuiondoa sumu ile.

Kama huna hakika na unga ulionunua, kuna njia isiyotaka pesa. Weka unga katika beseni, usawazishe, tia alama ulipofika. Ongeza maji huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha. Tandaza unga ule wa majimaji juu ya mkeka safi, wembamba usiozidi unene wa kidole, ukae juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu inaondoka na hewa. Halafu songa bugali siku ile ile, usiulaze.

Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni.

Wiki moja, sahani saba

Huu ni mfano tu, kila nyumba itapanga kwa kile inachopata.

Jumatatu: bugali na maharagi yaliyochanganywa na lengalenga.

Jumanne: maharagi yaliyobaki, na viazi vitamu.

Jumatano: bugali na sombe yenye sambaza zilizosagwa na mafuta kidogo ya mawese.

Alhamisi: ndizi za kupika na maharagi katika sufuria moja.

Ijumaa: maharagi yaliyobaki, mateke, na bishusha, yaani majani ya maboga.

Jumamosi: bugali na sambaza kwa nyanya na kitunguu.

Jumapili: kama kidole kimebaki, wali kidogo na maharagi. Kama hakikubaki, sombe yenye karanga na bugali.

Kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi maharagi yamepikwa mara mbili tu, yakaliwa siku nne. Hiyo ni akiba ya makala. Kwa asubuhi, uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, unashinda chai na andazi. Mkitengeneza wenyewe, wekeni sehemu tatu za nafaka na moja ya soya. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana mbichi inasumbua tumbo. Katika uji wa mtoto ongeza kijiko cha sambaza kavu zilizosagwa au tone la mafuta ya mawese. Tumbo la mtoto ni dogo: hawezi kula mara moja tu jioni chakula cha siku nzima. Kama nyumba inapika mara moja, mwekee sehemu yake ya kesho asubuhi kabla watu wazima hawajapakua.

Mambo mawili madogo yasiyo na bei. Kamulia ndimu juu ya maharagi, au kula nyanya au pera pamoja nayo, mwili utapata zaidi damu iliyomo ndani yake. Chai na kahawa zinafanya kinyume. Zingoje saa moja baada ya chakula. Na mafuta ya mawese usiyachome mpaka yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo inayolinda macho ya watoto, na ukiichoma umeitupa.

Kwenye milima yetu ya Kadutu, Cimpunda, Panzi na kwingine, mahali pa bustani ni padogo, lakini mfuko wa zamani uliojazwa udongo na mbolea unakaa hata mlangoni. Lengalenga inavunwa baada ya wiki tatu au nne. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanatosha kuimwagilia siku ambazo bomba limekauka.

Sahani ya mama

Tuseme sasa jambo ambalo wengi wetu tunalificha. Mama anapakulia baba, anapakulia watoto, anapakulia mgeni aliyekuja wakati wa chakula, halafu anakwangua sufuria akisema ameshiba harufu ya moto. Siku moja ni upendo. Kila siku inakuwa ugonjwa, na ugonjwa wa mama unaangusha nyumba nzima, kwa sababu ni yeye anayeenda sokoni kesho.

Mwenye mimba anakula kwa ajili ya mwili mbili. Anayenyonyesha anahitaji chakula kidogo zaidi kila siku kuliko alivyokula zamani, kama bakuli ya uji mzito au sahani ndogo ya maharagi. Maziwa yake ndiyo chakula pekee cha mtoto mpaka miezi sita, bila maji na bila uji, na hakuna kitu sokoni Kadutu kinachofanana nayo. Kumlisha mama huyo ni njia yenye bei ndogo kuliko zote ya kumlisha mtoto wake.

Tunapendekeza desturi hii: sahani ya mama ipakuliwe pamoja na zingine, wakati mmoja, mbele ya wote, na ile sehemu ya maharagi iwemo. Watoto wakubwa waizoee. Baba wa nyumba naye aelezwe. Katika nyumba nyingi ni yeye anayetoa pesa ya rasio kila asubuhi, kidogo kidogo, na hajui kwamba ile ya wiki ikitolewa mara moja ingenunua zaidi. Kaa naye jioni, usimwoneshe hasira, mwoneshe vidole kumi. Mume anayeona hesabu anaelewa haraka kuliko anayesikia malalamiko. Na kama hana, hana. Lakini mtakuwa mnajua pamoja.

Dawa ya kifuko ni kuwa wengi

Peke yake, mama mwenye kidole cha 2.000 franka atanunua kifuko daima. Wakiwa kumi, wana 20.000, na mazungumzo na muuzaji yanabadilika. Likelemba tunazijua. MUSO zetu pia zina kisanduku cha kijani cha akiba na mikopo, na kile chekundu cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Tunachoshauri ni kuongeza kazi moja: ununuzi wa pamoja wa vitu viwili tu, maharagi na mafuta.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Kila wiki kila mama anatoa kiasi kile kile, kinaandikwa katika kaye mbele ya wote. Wawili wanachaguliwa kwenda kununua, na wiki nyingine wanachaguliwa wengine. Wanarudi na mzigo ukiwa haujafunguliwa. Unafunguliwa katika mkutano, unapimwa kwa gigozi moja ile ile kwa kila mtu, na bei ya usafiri inasomwa kwa sauti. Asiyeweza kutoa wiki hiyo asifukuzwe; ampe mwenzake kazi ya mikono, au apate sehemu ndogo alipe baadaye. Vikundi vinavunjika kwa sababu ya kipimo kisichoeleweka kuliko kwa sababu ya wizi. Kipimo kiwe mezani.

Anzeni na wiki nne. Kama hakuna faida, mtaacha bila deni.

Wakati kuhesabu hakutoshi

Kuna nyumba ambako hakuna vidole vya kuhesabu. Mume ameuawa au amepotea, familia imekimbia kutoka kijijini, wageni kumi wanalala sebuleni. Hapo hakuna mpango wa sahani saba utakaosaidia, na hatutaki mama yeyote asome ukurasa huu akafikiri amekosa akili. Amekosa pesa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tunachokuomba ni kutongoja. Bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba ukihesabu mpaka tatu; kama shimo linabaki, na miguu yote miwili iko hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, wahudumu wanapima mkono kwa utepe wenye rangi: kijani ni salama, manjano ni onyo, nyekundu, chini ya milimita 115, ni hatari kubwa. Tiba ya utapiamlo, ile ya vifuko vya siagi ya karanga, inatolewa bure pale inapopatikana. Ikitolewa kwa mtoto mgonjwa ni dawa yake, isigawanywe kwa wote wala isiuzwe.

Na mama wa kikundi anayeona nyumba ya jirani haitoi moshi siku mbili, agonge mlango. Gigozi moja ya maharagi kutoka kwa wenzake kumi haimalizi shida, lakini inawapitisha wiki, na inamwambia yule mama kwamba ameonekana.

Kazi ya wiki hii, wamama: kila mmoja aandike, au amwambie mtoto wake anayesoma aandike, alichonunua kwa siku saba, kwa vidole. Tuje na karatasi zile mkutanoni. Tutaziweka pamoja bila majina, tuone maharagi yalipata vidole vingapi katika nyumba zetu, kisha tuchague pamoja wa kwenda kununua mfuko wa kwanza.

Tuonane wiki ijayo, na Mungu awape kula vizuri.